Mashine ya barafu ya friji imegoma: namna ya kutafuta hitilafu mwenyewe nyumbani, Lamu

Friji kubwa zenye mashine ya barafu zimeingia kwa wingi Lamu, hasa kwenye nyumba za wageni za Shela na majumba ya mawe yaliyokarabatiwa mjini. Nyingine hununuliwa mpya Mombasa, nyingine huja zimeshatumika Uingereza au Dubai. Zikifika Mokowe huvushwa kwa mashua, kisha hupelekwa kwa mkokoteni hadi mlangoni. Hufanya kazi muda, halafu siku moja kisanduku cha barafu kinakutwa kitupu, na ndiyo siku wageni wamejaa au magudulia ya juisi ya ukwaju yamepangwa kwa ajili ya futari. Fundi anapigiwa simu, anatazama kidogo, anasema mashine imekufa, inunuliwe nyingine.

Mara nyingi haijakufa. Katika kisiwa hiki kinachoharibika kwanza ni maji yanayoingia, ubaridi wa friza, au stima. Mashine mpya ikifungwa juu ya tatizo hilohilo itagoma vilevile, na pesa zimekwenda. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya kipimo kimoja kisicho na gharama, nitakachokieleza hapa chini. Kitakuonyesha upande wa kutafuta.

Mashine inavyofanya kazi

Nyuma ya friji kuna vali ndogo ya umeme. Hufunguka kwa sekunde chache, kama 7 kwa mashine nyingi za trei ya chuma, na maji kiasi cha mililita 100 hadi 140 hupanda kwenye kipaipu chembamba na kumiminikia kwenye trei ndani ya friza. Vali hujifunga. Maji yakishaganda, kipima joto kilichoshikana na trei huhisi baridi ya nyuzi kama 9 chini ya sifuri na kuamuru barafu itolewe: hita ndogo iliyo chini ya trei hupata moto ili vipande viachie, na mota huzungusha vidole vinavyovisukuma nje. Kisha vali hufunguka tena na kazi inaanza upya.

Pembeni kuna waya unaopanda na kushuka. Ukikuta kisanduku kimejaa hubaki juu, na mashine hutulia. Baadhi ya friji, zikiwemo nyingi za Samsung na LG, hazina hita hiyo. Trei yao ni ya plastiki, na mota huipindua na kuinyonga mpaka vipande vianguke.

Angalia haya kwanza

Waya wa pembeni usiwe umeinuliwa, kwani waya juu maana yake mashine imezimwa. Wasaidizi wa nyumba huuinua wanaposafisha na kusahau kuushusha. Tazama pia paneli ya mlangoni, kama kitufe cha barafu hakijazimwa. Kisanduku kisukumwe mpaka mwisho. Friji iliyotoka dukani huenda imeachwa kwenye hali ya maonyesho: taa zinawaka, feni inasikika, lakini haipoi kabisa, na kitabu chake kitakueleza vitufe vya kubonyeza kuiondoa hapo.

Friji mpya ipewe saa 24 kabla ya kuidai barafu. Na ikiwa ililazwa kwenye mashua wakati wa kuvuka, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, usiku mzima ikiwezekana, ili mafuta ya kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, yarudi mahali pake.

Kipimo cha kikombe

Chukua maji safi ya kunywa. Fungua friza, toa kisanduku, kisha jaza trei kwa mkono ukitumia kikombe kidogo au sirinji kubwa. Mimina polepole mpaka vyumba vyote vya trei vikaribie ukingo, kisha acha. Ukizidisha, maji yatamwagika na kugandia kwenye vidole vya mashine, na hapo umejiongezea kazi. Rudisha kisanduku kikiwa kitupu, shusha waya, funga mlango. Fanya hivyo usiku kabla ya kulala, mlango usije ukafunguliwa tena mpaka asubuhi.

Asubuhi utakuta moja kati ya hali hizi. Ukikuta trei bado ina maji, au rojo la barafu, basi friza haipoi vya kutosha na mashine haina kosa. Ukikuta barafu ngumu iliyokwama kwenye trei, mashine yenyewe ndiyo yenye hitilafu. Ukikuta vipande vimedondoka kisandukuni na trei ni tupu kavu, mashine ni nzima na maji ndiyo hayafiki. Na ukikuta vipande kisandukuni, na trei imejaa maji tena, basi maji huja na kupotea kulingana na presha. Hali hii ya mwisho ni ya kawaida kwenye nyumba inayotumia maji mengi mchana na kutulia usiku.

Sasa nenda kwenye sehemu inayokuhusu. Nimeanza na maji kwa sababu hapa Lamu huko ndiko kwenye matatizo mengi zaidi.

Maji hayafiki

Zima friji na uchomoe plagi kabla ya kugusa chochote nyuma yake. Vali ya maji kwenye friji nyingi hupelekewa umeme wa nyumba, volti 240, na hapo ndipo maji na umeme vimewekwa pamoja.

Vuta friji mbele taratibu na utazame kipaipu cha maji, kile chembamba cha robo inchi. Friji inaposukumwa ukutani kipaipu hukunjwa na maji hukatika. Kinyooshe, na unaporudisha friji kiache kijizungushe kwa nafasi. Angalia na kile kibomba kidogo cha kufungia maji kilichoungwa kwenye paipu kubwa, kama kimefunguliwa chote.

Kisha pima presha kwa jagi. Funga maji, fungua kipaipu pale kinapoingia kwenye vali, kielekeze kwenye jagi, mtu mwingine afungue maji huku wewe ukitazama saa. Hesabu ni rahisi: mashine inayotaka mililita 120 kwa sekunde 7 inahitaji lita 1 kwa dakika, na hiyo ni baada ya maji kupita kwenye vali inayoyabana. Kipaipu kilicho wazi kikikupa chini ya lita 1 kwa dakika, hakuna mashine duniani itakayokujazia trei. Umeshapata jibu.

Sababu ni tangi. Vali nyingi za mashine za barafu zimetengenezwa kwa presha isiyopungua bari 1.4 (bari ni kipimo cha presha). Maji yanayoshuka kutoka tangini kwa uzito wake hupata bari 1 kwa kila mita 10 za kimo. Yaani ili ufikishe bari 1.4, tangi liwe mita 14 juu ya friji. Nyumba ya mawe ya ghorofa mbili au tatu haifiki huko. Na wengi wetu jiko liko juu kwa desturi, kwenye kidari cha meko, na tangi liko juu ya dari hiyohiyo. Kimo kati ya maji na friji ni mita 2 au 3, sawa na bari 0.2 au 0.3. Mfereji wa jikoni utatoa maji na utaridhika, lakini vali ya friji haitaridhika.

Presha ndogo ina madhara ya pili ambayo mafundi wengi huyakosa. Vali ya aina hii husaidiwa na nguvu ya maji yenyewe ili ifunge barabara. Maji yakiwa dhaifu haifungi sawasawa, inadondosha tone kwa tone usiku kucha. Matone hayo hugandia mdomoni mwa kipaipu cha kujazia kabla hayajafika kwenye trei, tabaka juu ya tabaka, mpaka kipaipu kinaziba. Ukichungulia juu ya trei kwa tochi utaona kijiti cheupe cha barafu kimechomoza kwenye mdomo wa kipaipu. Watu hukiyeyusha, barafu hutoka siku mbili tatu, kinaziba tena, kisha wanabadilisha mashine. Wakati kosa ni la presha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni pampu ndogo ya kuongeza presha, yenye swichi inayoiwasha yenyewe maji yanapofunguliwa, ifungwe kwenye laini ya friji peke yake ikiwa huna haja nayo nyumba nzima. Ya pili, ambayo ndiyo ninayomshauri mtu ambaye hajanunua bado, ni friji ambayo mashine yake hula maji kutoka kwenye kitangi cha ndani unachokijaza kwa mkono. Haihitaji paipu, unaitilia maji ya kunywa uliyoyachagua mwenyewe, na kwa mji wetu huu ndiyo inayofaa zaidi.

Ikiwa jagi limejaa vizuri, rudi kwenye vali. Pale kipaipu kinapoingia kuna chujio dogo la wavu, la ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Litoe kwa koleo nyembamba taratibu. Kwenye nyumba za hapa nimekuta wavu huo umefunikwa ukoko mweupe mgumu wa chumvi na chokaa, na chembe za mchanga mweupe zimenasa katikati, nafasi ya maji kupita imebaki tundu mbili tatu. Uloweke kwenye siki nyeupe kwa saa moja, usugue kwa mswaki mkuukuu, usuuze, uurudishe. Usiache vali bila wavu hata siku moja. Chembe moja ya mchanga ikikaa ndani ya vali itaizuia kufunga, na utaamka jiko limejaa maji.

Hapa niseme jambo kuhusu maji yenyewe. Maji matamu ya Lamu hutoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, yamekaa juu ya maji ya chumvi ya bahari. Kisima kikivutwa sana, chumvi hupanda. Visima vingi vya mjini ni vya maji ya munyu. Chujio la friji, lile la duara la kubadilisha kila miezi 6, ni la makaa: huondoa harufu na uchafu, chumvi haliondoi. Maji ya munyu huganda kwa shida, hutoa barafu laini yenye ukungu, na huila mashine polepole. Kama maji ya nyumba yana munyu ulimini, usiiunganishe friji nayo. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchujwa, au yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi, au friji ya kitangi niliyoitaja.

Chujio hilo la makaa nalo huziba, na kwa maji yetu huziba kabla ya miezi 6. Njia ya kulijua ni kulitoa na kuweka kifuniko chake maalumu kilichokuja na friji, kisha kungoja mizunguko miwili. Barafu ikirudi kuwa kubwa, chujio ndilo lililokuwa likibana. Ukiweka jipya, pitisha maji kama ndoo ndogo ya lita 10 kwenye bomba la mlangoni, na barafu ya siku ya kwanza itupe.

Kipaipu cha kujazia kikiwa kimeganda, kiyeyushe kwa maji ya uvuguvugu kwa sirinji, huku umeweka kitambaa chini, au kwa drayer ya nywele kwa moto mdogo kutoka mbali. Unaweza pia kuzima friji na kuacha mlango wazi saa kadhaa. Kisu, bisibisi na msumari haviingii hapa kabisa. Nyuma ya plastiki ile kuna mabomba ya gesi, na friji nyingi za siku hizi, zile zenye maandishi R600a kwenye kibandiko, gesi yake ni ya kuwaka moto. Ukiitoboa umepoteza friji, na kama kuna meko inawaka karibu, umehatarisha nyumba. Kwa sababu hiyohiyo usiyeyushe kwa mshumaa wala jiko la makaa.

Kipaipu ki wazi, wavu safi, presha ipo, na bado trei ni tupu? Imebaki koili ya vali, yaani waya uliozungushwa unaoifungua vali umeme ukipita. Kwa mwenye mita ya fundi umeme: friji ikiwa imechomolewa, toa waya za vali na upime ohmu kati ya ncha zake mbili. Mita ikionyesha mamia au maelfu ya ohmu, koili ni nzima. Ikikaa kama ambayo haijagusa kitu, koili imekatika, na vali inabadilishwa nzima.

Friza haipoi

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikikaa juu ya nyuzi 12 chini ya sifuri, mashine itasubiri baridi isiyokuja. Weka kipima joto katikati ya vyakula, si mlangoni, usiku mzima.

Kaskazi ndio msimu wa malalamiko haya, kuanzia Disemba hadi Machi, joto likizidi na stima ikipungua nguvu. Tazama kibandiko ndani ya friji, kuna herufi za tabaka la hali ya hewa: N imeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Friji ya Uingereza yenye herufi N peke yake ikiwekwa kwenye jiko la juu chini ya bati, mchana wa Februari, inafanya kazi nje ya uwezo wake. Ihamishie chini penye kivuli. Anayenunua atafute T.

Mabomba ya nyuma au chini ya friji yasafishwe kwa brashi laini, maana vumbi la hapa huchanganyika na unyevu wa chumvi na kushika kama gundi. Acha nafasi ya sentimita 5 au zaidi nyuma na juu. Mpira wa mlango upime kwa noti: ifungie noti mlangoni kisha uivute, ikitoka bila kushikwa, hewa ya pwani yenye unyevu inaingia hapo. Mpira uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuuhukumu kuwa umeharibika, mara nyingi ni mafuta na sukari ya juisi tu. Ukiona ukuta wa ndani wa friza umevimba theluji na feni inakwaruza, mfumo wa kuyeyusha theluji umekufa. Kuzima friji siku nzima ikayeyuka kutakupa nafuu ya siku chache, lakini hiyo ni kazi ya fundi.

Stima

Pima volti kwenye soketi jioni, nyumba zote zikiwa zimewasha taa na feni. Inatakiwa 240. Ikishuka chini ya 200 kompresa inateseka na baridi inapotea. Kilinda friji, kile kinachochomekwa kati ya soketi na plagi, hukata umeme ukiwa hafifu au ukizidi, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kwa Lamu ni lazima.

Stima ikikatika saa nyingi, barafu ya kisandukuni huyeyuka nusu, na ikirudi huganda kuwa bonge moja. Bonge hilo huinua waya wa pembeni, mashine ikadhani imejaa. Baada ya kila ukosefu mrefu wa stima, mwaga kisanduku, kikaushe, kirudishe. Hilo peke yake limewaokoa watu wengi gharama ya fundi.

Barafu imekwama kwenye trei

Hapa mashine yenyewe ina neno. Mashine nyingi za siku hizi zina kitufe kidogo cha majaribio chini au pembeni. Kibonyeze sekunde chache mpaka mota isikike au kengele ilie, trei (au vidole, kwa trei ya chuma) izunguke. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima na kosa liko kwenye kipima joto au hita. Isipozunguka, chomoa plagi ya friji, fungua mashine (kwa kawaida ni skrubu mbili tatu) na utazame plagi yake ya waya mahali inapoingia ukutani. Kwa hewa yetu ya chumvi, vijiti vya shaba vya plagi hiyo huota kutu ya kijani. Visugue taratibu kwa mswaki mkavu na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, viache vikauke, rudisha, jaribu tena. Ikikataa bado, hapo ndipo kununua mashine mpya kuna haki yake.

Dalili nyingine

Vipande vidogo au vyenye uwazi katikati: maji machache, rudi kwenye presha na chujio. Vipande vilivyoshikana kama sahani: vali inadondosha, au friji haijasimama sawa, weka pima maji juu yake na urekebishe miguu. Sakafu za nyumba za zamani hazijanyooka, kwa hiyo usidhani. Barafu yenye ladha ya samaki: barafu hunyonya harufu, na changu na kolekole wasiofunikwa wako hapohapo. Wafunge kwenye mifuko miwili, mwaga barafu yote, osha kisanduku kwa maji na magadi ya kupikia.

Ukiamua kumwita fundi

Mwambie ulichokikuta kwenye kipimo cha kikombe na lita ulizopata kwenye jagi, maana hayo yatamnyima nafasi ya kubahatisha. Piga picha kibandiko chenye namba ya modeli, kiko ukutani ndani ya friji upande wa kushoto au kulia, na umtumie kabla hajavuka kwenda Mombasa kutafuta kifaa. Vali hutofautiana kwa volti na kwa idadi ya midomo ya kutolea maji, mmoja, miwili au mitatu, na zinazofanana kwa macho huenda zisiingiliane. Mwambie aende na ile ya zamani mkononi aonyeshe dukani. Na wakati unasubiri, funga kile kibomba kidogo cha maji na uinue waya wa mashine, ili isiendelee kuzunguka tupu.